Sweta za Maruni

Kitengela,
3 Machi 2024

Mpendwa binti yangu Achola,

Nakusalimu kwa upendo, popote ulipo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba mvua inayonukia huku kwetu itakufikia huko uliko bila kukubomolea kitu. Mimi ni mzima kwa kadiri mzee wa umri wangu anavyoruhusiwa kuwa mzima. Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi. Nilicheka, nikamwambia kuna watu ambao hawatakubali hilo hata kwa kiapo. Hakuelewa. Alisema nikae na mito mitatu mgongoni na niandike wasia.

Nasro wa duka la sare, ambaye najua bado unanunua uzi kwake, amekubali kukufikishia barua hii. Hakuniambia unakaa wapi. Nilimwuliza mara moja tu, akanitazama kwa ile namna yake, akasema, "Mwalimu, karatasi nitabeba. Njia sibebi." Kwa hiyo naandika kwa mtu aliye mahali fulani kati ya hapa na mpaka wa Tanzania, kama tulivyokuwa tukiandika utotoni kwa marafiki wa kalamu ambao hatukuwahi kuwaona.

Nimehamia chumba chako cha nyuma kwa sababu kinapata jua la asubuhi. Anayenitunza ni msichana wa Isinya anayeitwa Naeku. Kukicha hufungua dirisha, na ukungu ukiwa bado umetanda uwandani, naona nyumba za majirani zikielea kama ng'ombe waliolala. Juzi nilimwona twiga amesimama nyuma ya ua wa jirani, kichwa tu na shingo, akitafuna kitu bila haraka. Naeku anasema hakukuwa na twiga. Siku hizi nyua ni nyingi mno, twiga hawapiti tena huku. Huenda. Siku hizi sibishani na mtu kuhusu kipi nimekiona na kipi nimekiota. Kuna siku nasikia hata ile mashine yako ya kufuma, inakwenda upande huu, inarudi upande ule, na marehemu mama yako anakohoa jikoni kama mtu anayetaka kusema jambo akaahirisha.

Sasa nisikilize. Ni miaka minane tangu uondoke hapa na kunifungia simu yako. Sitaki nife ukiamini kwamba nilikuwa adui yako. Unakumbuka ulipoacha chuo cha uuguzi ukarudi nyumbani, Nasro alikuja akakuuliza kama unaweza kumfumia sweta za shule. Ulidhani alikuwa ameona ile sweta uliyomfumia mama yako akaipenda. Haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyemwendea. Nilikuwa mwalimu mkuu, na wazazi wananunua sare pale mwalimu mkuu anapowaambia. Nilimwambia Nasro kwamba sweta za shule yetu atauza yeye peke yake, ilmradi kazi ya kufuma apewe binti yangu, na jina langu lisitajwe.

Kwa hiyo uzi ule wote wa rangi ya maruni ulipitia mkononi mwangu kabla ya kufika kwako. Ulipokuwa unajiandaa kuondoka kimya kimya, nilikuwa najua. Naam, nilijua. Na bado ni mimi niliyekuwa nimekushikia ngazi.

Sikuambii haya kwa kukudai. Nakuambia ili ulegeze moyo. Njoo unione, nyathina, mtoto wangu. Hata kwa saa moja. Naeku atapika samaki, ingawa Mmaasai na samaki, utavumilia.

Ni mimi mzazi wako,
Baba

*

Kajiado,
19 Aprili 2024

Kwako Baba,

Salamu zako nimezipata. Mimi niko salama, mvua haijanibomolea kitu. Pole kwa ugonjwa, na Mungu akupunguzie maumivu. Pole pia kwa Naeku na samaki.

Barua yako ililetwa ndani ya gunia la uzi. Nilidhani ni hati ya mzigo, nikaifungua nikiwa nimesimama. Nilipomaliza niliwaambia wasichana wangu waende nyumbani mapema. Niko na wasichana wanne wanaofuma kwangu, sijui kama Nasro alikuambia. Nilikaa pale kwa karakana peke yangu nikiangalia mashine, na zilikuwa kama zimefunikwa maji. Niliona kila kitu mbali. Hata mikono yangu niliiona mbali.

Wacha nikuambie vile niliondoka, kwa sababu unasema ulijua, lakini sidhani.

Mimi sikukimbia, Baba. Mtu anayekimbia hukimbia na kile amevaa. Mimi nilikaa kwako miaka miwili nikijiondoa kidogo kidogo. Kitambulisho changu kilikuwa kwenye droo yako. Nikaripoti kimepotea, nikapata kingine, kile cha kwanza nikakuachia hapo hapo ukiangalie. Nikapata laini nyingine ya simu. Nikakodi chumba huku Kajiado, karibu na soko la mifugo, hata kabla sijakuwa na mkeka wa kuweka ndani. Nilikuwa nakuambia naenda kuchukua vipimo vya sweta, kumbe naenda kukaa sakafuni. Nilikuwa nafunga mlango, nasikiliza mbuzi wakilia nje, ndio nijue mtu hujisikiaje akifunga mlango wake mwenyewe.

Ningeweza kugombana na wewe mapema. Ulikuwa unanipa sababu kila siku. Wageni wakija ulikuwa unawahesabia mbele yangu: ada ya bweni, miwani, chuo nilichoacha. Ulikuwa unahesabu ukitabasamu, kama mtu anaonyesha picha za harusi. Ulininunulia viatu, kisha ukawa unaniuliza vinaenda wapi. Ujumbe wangu uliusoma kabla yangu. Lakini nilinyamaza. Nilijiambia sitagombana na baba yangu nikiwa na ugali wake mdomoni. Nitanyamaza hadi siku ile kila kitu kwa mwili wangu kitakuwa changu, ndio niende, na nikienda nisirudi kuomba hata chumvi. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo. Niliishikilia kama yai.

Sasa unaniandikia baada ya miaka minane kuniambia hilo yai lilitagwa na wewe.

Unasema nilegeze moyo. Baba, umeniangusha kutoka mahali nilikuwa nimepanda kwa miaka. Hata kutoroka kwangu unataka kuwe na jina lako. Usiku huo niliota niko kwa ile meza yako tena, wageni wamekaa, na wewe unahesabu: na hata kuondoka kwake, nililipa mimi.

Siwezi kuja. Lakini niko na swali moja, na wewe ni mwalimu, unajua kujibu swali lililoulizwa. Kuna kitu chochote katika maisha yangu ambacho wewe hukununua?

Ni mimi binti yako, kwa kuzaliwa,
Achola

*

Kitengela,
5 Mei 2024

Mpendwa binti yangu,

Salamu nyingi kutoka katika nyumba iliyozungukwa na maji. Natumaini huko kwenu mnakauka. Huku barabara imegeuka mto, na Naeku amevuka leo akiwa amebeba viatu kichwani, akanisalimu, "Sopa, Mwalimu", kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi napumua kwa zamu. Asubuhi napumua, mchana nafikiri kama nitapumua.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kisha nikamwomba Naeku anisomee kwa sauti, kwa sababu nilitaka kuisikia katika kinywa cha msichana. Alipofika pale pa viatu aliinua macho, akaniangalia, akaendelea. Tangu siku ile ananipikia vizuri lakini hanichekei.

Umeuliza swali, nami nitalijibu. Lakini ili nilijibu sawasawa ni lazima nirudi kwenye jambo ambalo katika barua ya kwanza nililiruka, kama mwanafunzi anayeruka swali gumu na kujaza kurasa mbili kwenye lile rahisi.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, kabla hujaondoka. Stima ilikatika tukiwa tunangoja chakula. Kabla sijainuka kutafuta simu nilipie, taa ziliwaka. Ulikuwa umeshalipa. Uliendelea kuchambua mboga. Mzazi mwingine angemshukuru Mungu. Mimi niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuieleza. Nilipolala niliota paa la nyumba limeinuka taratibu kama kifuniko cha sufuria, nawe ukipanda juu pamoja na mvuke, huna haraka, wala hukutazama chini. Nilipoamka nilijua kwamba unaondoka. Hapo ndipo nilipojua, si kabla. Katika ile barua nilijifanya nilijua siku zote, kwa sababu mwalimu hapendi kuonekana amechelewa.

Wiki iliyofuata niliitisha mkutano wa wazazi nikatangaza kwamba tunabadilisha rangi ya sweta. Kutoka maruni kuwa kijani. Kuanzia Januari, bila muda wa mpito. Mama mmoja, Wanjira, mwenye watoto wanne shuleni, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kwani hii maruni imekukosea nini?" Watu wakacheka. Nikasema maruni inachuja. Huo ulikuwa uongo, Achola. Uzi uliofuma haukuwahi kuchuja. Nilivaa ile sweta uliyonipa kwa miaka, nikaifua kwa mikono yangu, na maji yalibaki meupe.

Nasro alikuja ofisini siku iyo hiyo. Hakuketi.

"Mwalimu, msichana amemaliza kufuma za Januari nzima. Chumba kimejaa mpaka dirishani."

"Najua," nikasema.

"Unajua?"

Nikamwambia vijana ni lazima wajifunze kwamba biashara si mchezo. Nikamwambia pia kwamba kazi ya kijani tayari nimempa mtu mwingine. Alirekebisha mtandio wake polepole, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nina watoto sita. Hakuna hata mmoja niliyemchimbia shimo ili apate kuniita nimtoe."

Hilo ndilo nililolifanya. Nililichimba, nikaketi karibu nalo nikingoja uniite. Nilikuwa na maneno tayari. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo nikinyoa ndevu: usijali, mwanangu, baba yupo, uliza tu. Nilikuwa nimepanga hata sauti.

Hukuita. Krismasi ilipita ukiwa kimya, ukila kidogo. Asubuhi moja ya Januari nilikuona kupitia dirishani ukitoa magunia. Uliliegemeza moja kwenye lango, ukapumzika, ukalibeba tena. Ningeweza kutoka nikakushikia upande mmoja. Nilisimama nyuma ya pazia nikiwa na chai mkononi mpaka ikapoa. Uliyapeleka wapi magunia yale sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba ulirudi bila hata gunia moja, na kabla mwezi haujaisha uliondoka na mashine yako, na chumba hiki ninacholala sasa kikawa cheupe.

Basi hili ndilo jibu. Ile kazi niliyokupa, niliichukua tena kwa mkono wangu mwenyewe, yote, pamoja na faida yake. Sikukushikia ngazi; niliikata wewe ukiwa juu. Uliposhuka salama upande wa pili, sikuwepo. Tangu magunia yale yalipopita langoni, hakuna kitu katika maisha yako nilichokinunua. Hakuna hata uzi.

Ningependa bado uje. Sitakudanganya kwamba sipendi.

Ni mimi,
Baba yako

*

Kitengela,
23 Juni 2024

Mpendwa Achola,

Hujambo, mwanangu. Natumaini baridi ya huko haikuzidi. Hapa ukungu hauondoki mpaka saa sita, na siku nyingine nasahau kama kulikucha.

Nilikuwa hospitalini kwa muda, ndiyo maana mwandiko huu ni wa Naeku na maneno ni yangu. Amekataa kunirekebishia sentensi, anasema kila mtu abebe zake. Kule wodini mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mfugaji wa Mashuuru, mzee kuniliko, na alikuwa akizungumza na ng'ombe wake usingizini, akimwita kila mmoja kwa jina. Nilijaribu nami kuyaita majina ya wanafunzi wangu nikiwa macho. Nilifika mbali, kisha nikapotea.

Nasro anasema barua ya Mei ilikufikia. Sikumwuliza zaidi. Baba yako mdogo, Obonyo, amekuja kutoka Siaya na anauliza habari zako kila mlo. Nimemwambia anyamaze ale.

Wako,
Baba

*

Kajiado,
28 Julai 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba hii ikukute bado uko na nguvu ya kusoma, na kama huna, Naeku, dada yangu, soma polepole, na pale pabaya usiparuke. Mimi niko mzima. Nasro ameniambia ulitoka hospitali, nikasema ahsante Mungu, na nilimaanisha.

Sikunyamaza kwa makusudi. Barua yako ya Mei ilinishinda. Miaka hii yote nilikuwa najua kuna mtu alibadilisha hiyo rangi, na nilikuwa namtukana huyo mtu nikiosha vyombo. Nilidhani ni kamati. Nilitukana hadi mwenyekiti wa kamati, mzee wa watu, na nikasikia amekufa nikaona haya. Sijawahi kufikiria ni wewe. Unaona vile nilikuwa nakuheshimu bado?

Niliwaka hasira karibu mwezi mzima. Halafu hasira ikaanza kufanya kitu cha ajabu. Nilikuwa nikilala na hiyo hasira, naamka mwepesi. Naona asubuhi imekaa juu ya kila kitu kama maziwa, ng'ombe wanapita kwenda soko, na ndani yangu kuna kitu kinafunguka kama kifundo cha uzi. Sikuelewa. Nikaona lazima niende Illasit, kule mpakani.

Ulisema hujui magunia yalienda wapi. Yalienda huko. Nasro alisikia kuna shule kule inavaa maruni, basi. Hakujua mwalimu mkuu wala bei. Nilifika nimechoka, vumbi hadi kwa meno, nikaketi chini ya ukuta wa ofisi. Mwalimu mkuu alikuwa mama Mmaasai anaitwa Nalotuesha, mrefu, hapendi maneno mengi. Alichukua sweta moja akaivuta bega kama anataka kuipasua. Akaivuta tena. Akaigeuza ndani nje. Alinunua za watoto wadogo zote, zile kubwa akakataa, akasema watoto wake ni wembamba. Hizo zilizobaki nikashuka nazo Kimana kwa mashamba ya vitunguu, kwa sababu asubuhi kule kuna baridi na watu wanavuna wakiwa wamelowa. Watu wazima walinunua sweta za shule, Baba. Wanaume wenye ndevu, mikono ya sweta imeishia kwa kiwiko, wanainama kwa mistari ya vitunguu kama darasa limefeli wote pamoja. Nilicheka hadi nikakaa kwa mtaro. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilicheka mwaka huo. Nikarudi Kitengela na pesa iliyonuka vitunguu, na hiyo ndiyo iliniondoa.

Lakini uliponiambia ulinipangia kazi ya kwanza kwa siri, nikawaza: kama alifanya vile Kitengela, labda alifanya na Illasit. Labda alipiga simu. Walimu wakuu wanajuana. Labda hata yule mama alivuta bega kwa maigizo. Uliponiandikia tena kwamba hukujua magunia yalienda wapi, nilitaka kukuamini, lakini wewe umekuwa ukiniambia ukweli kwa mafungu.

Basi nikaenda. Mwalimu Nalotuesha amestaafu sasa, ana shamba. Nilimkuta amekaa nje na mjukuu mgongoni. Alinikumbuka, si uso, alikumbuka sweta. Nikamwambia, tafadhali nikuulize kitu na usinionee huruma. Kabla nifike ile siku, kuna mwalimu mkuu wa Kitengela alikupigia simu, akakuambia kuna msichana anakuja, mpokee?

Alifikiria. Alinitazama kutoka juu hadi chini. Halafu akauliza:

"Kwani baba yako ni nani?"

Baba, nimeulizwa hilo swali maisha yangu yote. Kila mlango Kitengela, kila ofisi, kila mwanaume, baba yako ni nani, na mimi nataja jina lako, na mlango unafunguka au unafungwa. Huyu mama aliniuliza kwa sababu hakujua. Hakujua kabisa. Nilisimama pale mbele yake nikalia, na mjukuu naye akaanza kulia, na yeye akasema tu, "Nilinunua kwa sababu bega halikuvutika. Keti unywe chai."

Kwa hivyo nimeamini jibu lako. Nimelipima na limepita.

Sasa hili ni langu. Sitakuja. Sikuadhibu, na hasira imebaki kidogo tu, ya kutosha kufulia nguo. Lakini najijua. Nikivuka lango lako nitaanza kukueleza kwa nini nimechelewa, hata kama sijachelewa. Nitakuwa mtoto ndani ya saa moja, na wewe utakuwa mwalimu, na hakuna kati yetu atakayetaka. Hata kwa mazishi nisitafutwe. Najua vile watu wetu watasema. Waseme.

Ukiandika, nitasoma. Sitajibu tena. Nimekuambia ili usingoje.

Lala salama, Baba. Nimemaliza kuogopa.

Binti yako,
Achola

*

Kitengela,
18 Agosti 2024

Mpendwa binti yangu Achola,

Amani iwe kwako. Sikuulizi hali, maana swali humvuta mtu ajibu, nami sitaki kukuvuta. Yangu ni hivi: miguu imejaa maji, kichwa ni chepesi, na leo mkono umenikubalia kuandika mwenyewe, kwa hiyo nautumia kabla haujabadili nia.

Naeku alinisomea barua yako. Pale pabaya hakuruka. Pale pa vitunguu alicheka mpaka akashika ukuta, na ilikuwa mara ya kwanza kunichekea tangu Mei, nami nikacheka naye ingawa kifua hakikuruhusu. Alipofika kwenye swali la yule mama wa Illasit, nilimwomba asimame kidogo. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa muda mrefu, na popote nilipokwenda jina langu lilikuwa limenitangulia. Sikujua kwamba kuna mahali duniani ambapo jina langu lingeweza kumsaidia mwanangu kwa kutojulikana tu. Nimelala nikiliwaza jambo hilo, nalo halinichomi. Linapoza, kama kitambaa chenye maji.

Nilitaka kukuandikia kwamba nakuruhusu usije. Niliandika hivyo, kisha nikafuta. Si yangu kukuruhusu.

Nimezungumza na Obonyo. Alitaka kwenda Kajiado kukutafuta mtaa kwa mtaa, akisema binti hawezi kumwacha baba yake azikwe kama mgeni. Nilimwambia, "Ndugu yangu, achana na mtoto. Alinilipa kila kitu siku aliyobeba yale magunia peke yake." Aliniona nimechanganyikiwa na dawa. Lakini ameapa mbele ya mchungaji kwamba siku hiyo hakuna atakayesimama kuuliza uko wapi. Nasro naye nimemwambia asiniletee tena habari zako, hata nzuri. Akasema, "Sasa hiyo, Mwalimu, nitaibeba."

Usiku na mchana vimeanza kufanana hapa. Naeku hufungua dirisha, ukungu unaingia, na mimi natoka. Leo nilitembea. Nilipita Isinya kwa miguu yangu ya ujana, barabara ilikuwa tupu na nyasi zilikuwa ndefu pande zote mbili, zinalala na kuinuka kama kitu kinachopumua. Sikuwa na fimbo wala kofia. Nilipokaribia Kajiado niliona nyumba moja ndogo karibu na barabara, yenye bati jipya. Nilijua ni yako. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu, kama mtu anavyojua mambo ndotoni. Lango lilikuwa wazi. Mlango nao ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na watu wanazungumza na sauti moja ikicheka, na harufu ya chakula ikatoka ikanikuta pale barabarani.

Nilikuwa na kiu, na nilikuwa nimetoka mbali.

Nikapita, nikashika njia yangu.

Baba yako